Hamali wa Genova na ugomvi wa santuri

Salaam aleikum, watu wa nyumbani. Malindi mpo? Watamu? Mnanisikia lakini? Upepo wa leo ni wa kung'oa kofia, nikikatika msinilaumu. Niko Boccadasse, kijiji cha wavuvi kilichomezwa na mji wa Genova, huku Italia. Nimetumwa focaccia, mkate bapa wa huku, hii hapa, bado ya moto, na sasa napanda kurudi kwa mzee.

Ngoja niwaonyeshe ninapokanyaga. Matofali mekundu katikati, mawe ya pwani huku na huku, kuta mbili zimekubana kama vichochoro vya Lamu, ila hiki kinapanda mlima. Kigenova kinaitwa crêuza. Lishikeni hilo neno.

Leo sizungumzii kodi wala vibali. Najua mmeuliza, itakuja siku yake. Leo nina ugomvi ambao nimeukalia katikati miaka 3, kila Jumapili baada ya chakula.

Kazi yangu mnaijua, namtunza mzee. Ana miaka 82, na maisha yake yote alikuwa bandarini. Mimi namwita Baba, yeye ananiita figgeu, yaani kijana wake. Ana mdogo wake, mwalimu wa hesabu mstaafu, huyo kila Jumapili huja na mkoba wa santuri. Mzee ni mtu wa wale Waitaliano wanaowaita cantautori: mtu mmoja, gitaa lake, maneno yake mwenyewe. Mdogo mtu ni wa prog, ile roki ya miaka ya sabini yenye vinanda vitatu na filimbi, ambayo wimbo mmoja unaweza kwenda dakika 18 na hakuna anayeangalia saa. Hawajakubaliana tangu 1972. Kutembeleana wanatembeleana, kula wanakula sahani moja, lakini santuri zao hazikai rafu moja.

Mimi niliingilia upande wa mdogo mtu, na sababu yenyewe si ya kujivunia: Kiitaliano sikuwa nakijua. Msicheke! Sisi wa Malindi tunajidai Kiitaliano tumezaliwa nacho, lakini changu kilikuwa cha ufukweni. Ciao, quanto costa, domani safari. Kinyago utauza, wimbo huufahamu.

Sasa sikilizeni hili. Kuna kundi linaitwa PFM, kirefu chake Premiata Forneria Marconi, na santuri yao ya kwanza ni Storia di un minuto, ya 1972. Ndani yake mna wimbo Impressioni di settembre. Jamaa anaimba polepole, ukungu, mashamba, asubuhi, anakupeleka mpaka kwenye mlango wa kiitikio, halafu ananyamaza. Kiitikio kinapigwa na Moog, ile sintesaiza ya zamani, bila neno hata moja! Na Waitaliano wanakiimba hivyo hivyo, mdomo wazi, aa-aa-aa. Pale mimi na mwenye lugha yake tuko sawa. Usiku wa kwanza nilipousikia nilikuwa nakunja shuka za mzee, nikakaa juu ya kitanda na shuka mkononi.

Halafu mdogo mtu akanitolea Banco del Mutuo Soccorso. Santuri yao ya kwanza, 1972 hiyo hiyo, jalada lake limekatwa umbo la kibubu. Kibubu kabisa, cha udongo, na penye tundu la kutia pesa unavuta karatasi zinatoka picha za wenyewe. Mwaka haujaisha wakatoa nyingine, Darwin!, santuri nzima juu ya viumbe kutoka matopeni mpaka kuwa watu. Mwimbaji wao, Francesco Di Giacomo, Mungu amrehemu, alikuwa bonge la mtu, ndevu tele, na sauti ungedhani imetoka jumba la opera. Mna wimbo humo wa kiumbe wa miaka 750,000 nyuma, nusu nyani nusu mtu, amempenda mwanamke na anajua fika jinsi alivyo. Hawezi hata kumwita. Yule baba mwenye mwili ule anauimba kwa upole mpaka unaona haya kumsikiliza.

Ah. Ngoja nipumue. Hizi ngazi hazina huruma.

Mzee alinivumilia miezi kama minane. Lugha ilipoanza kuniingia, akanikalisha chini. Akaniuliza: hao vijana wako wanasema nini? Nikaanza kueleza, nikakwama. Akaweka Radici ya Francesco Guccini, nayo ya 1972, wimbo wa pili La locomotiva. Ni kisa cha kweli. Mwaka 1893 fundi wa reli, Pietro Rigosi, aliteka kichwa cha treni na kukielekeza Bologna kwa mwendo wa kufa; wimbo unasema ni hasira za maskini kwa matajiri. Zaidi ya dakika 8, beti juu ya beti, tuni ile ile, gitaa halina la ajabu. Mdogo mtu aliyeko jikoni akapiga kelele: hilo ni gazeti lenye nyuzi sita!

Lakini mimi nilishapata kitu. Jamani, ule ni utenzi! Tuni kubaki pale pale si upungufu, ndiyo kazi yake, ikae chini maneno yapite. Nani amewahi kumlaumu msoma utenzi kwamba hakubadilisha mahadhi? Ukimpima Guccini kwa mizani ya Banco utamwonea, na ukiwapima Banco kwa mizani ya Guccini utawakuta wanaongea kama watoto wa shule waliomeza kamusi. Hilo la mwisho nilimwambia mdogo mtu mwenyewe. Hakufurahi.

Na alikuwa na jibu. Akasema, mzee wako anajua maneno yanavyogharimu? Mwaka 1976, Francesco De Gregori, cantautore mwingine, aliyekuwa ametoa santuri ya Rimmel mwaka uliotangulia, alifanya tamasha Milano. Vijana wa mrengo wa kushoto wakampandia jukwaani, wakamweka kitimoto: unapata pesa ngapi, mbona huwapi wafanyakazi, mbona unaimba mapenzi. Baada ya hapo akaacha majukwaa kwa muda. Mpiga kinanda, anasema mdogo mtu, hakuna aliyemuuliza mshahara wake. Mzee alikuwa mtu wa chama cha wafanyakazi wakati huo. Alitazama dirishani tu.

Sasa neno jingine. Siku moja namfunga mzee viatu, nikamuuliza, Baba, bandarini kazi yako hasa ilikuwa ipi? Akasema: camallo. Nikainua kichwa. Rudia? Camallo, mbeba mizigo, ndivyo tunavyoitwa Genova. Nikamwambia, kwetu ni hamali. Kiarabu kimoja, Baba, kimeshuka bandari mbili. Akaniuliza, hamali wenu anabeba nini? Nikasema, chochote mwenye mali asichotaka kubeba. Alicheka mpaka akakohoa, nikaogopa.

Siku hiyo ndiyo alinitolea santuri ya Crêuza de mä, lile neno nililowaambia mlishike. Fabrizio De André, mwana wa mji huu, 1984. Nyimbo 7, zote kwa Kigenova, lugha ambayo Mwitaliano wa Roma akiisikia anakutolea macho. Mna udi humo, mna saz ya Waturuki, mna bouzouki ya Wagiriki, zote ala za nyuzi. Mna sauti za wauza samaki sokoni hapa Genova, walivyo, bila kupambwa. Mna Sinán Capudán Pasciá, baharia wa hapa aliyetekwa na Waturuki akaishia kuwa mkubwa wa merikebu zao. Mna Sidún, mji wa Saida kule Lebanoni, vita vya 1982, baba na mwanawe aliyepondwa na kifaru cha vita. Huo siuwekei maneno zaidi. Na mna 'A pittima, yule mtu aliyekodiwa zamani kumfuata mdaiwa kila aendako ili aaibike hadharani. Nyinyi mliokopa kwenye simu, wakampigia mpaka shangazi yenu, huo wimbo ni wenu.

Kwangu mimi ndiyo santuri bora ya Kiitaliano, na haiko kwa Kiitaliano. Maneno nilikuwa siyajui tena, kama mwanzo, lakini safari hii sikuhitaji Moog inisaidie. Zile sauti nilishazisikia gatini Malindi, mashua zikiingia alfajiri.

Mzee akajiona ameshinda. Jumapili ikafika, mdogo mtu akavua koti, akasikiliza, akasema kwa utulivu wa mwalimu: muziki huu ni wa Mauro Pagani, na Pagani ni wetu, ndiye aliyekuwa akipiga fidla na filimbi PFM. Kisha akahesabu kwa vidole. La buona novella ya De André, 1970, ile ambayo mzee huisikiliza kila Pasaka? Waliopiga ni vijana walioitwa I Quelli, ndio hao hao waliokuja kuwa PFM. Yale matamasha ya De André ya 1979? Amezungukwa na PFM jukwaa zima, na leo wimbo wake Il pescatore watu wanaupigia makofi kwa mapigo yale ya PFM, si ya mwanzo.

Mzee hakujibu. Akaniambia nilete kahawa. Nilipokuwa nageuka akasema, kwa Kigenova ili mdogo wake asipate pa kupenya, ingawa naye ni wa hapa hapa: mwambie bila maneno hao wangempigia nani?

Kwa hivyo Jumapili iliyopita wakanifanya kadhi. Wakanitaka nitaje moja, nisizungukezunguke. Nikasema Crêuza ya kwanza, Darwin! ya pili, Radici ya tatu. Mdogo mtu akauliza, na Per un amico ya PFM? Nikasema ya nne. Wiki nzima hajanipigia simu. Mzee naye ameninunia, kwa sababu Radici iko chini ya nyani.

Haya, nimefika. Mlango ndio huu wa kijani. Tulieni kidogo... mnasikia? Hiyo ni filimbi. Kumbe mdogo mtu amewahi. Wacha nizime kamera, focaccia inapoa.