Kofia ya Leza ya Kuotesha Nywele na Macho Yako: Mazungumzo na Wenye Saluni na Vinyozi, Kisumu

Habari zenu wote, amosou uduto. Wamama wa saluni asanteni kwa kufunga kazi mapema, na nyinyi wazee wa pale nyuma mnaokaa na kofia ndani ya nyumba, sitauliza kwa nini, karibuni tu.

Nimeitwa niongee juu ya hizi kofia na chanuo za leza za kuotesha nywele, kwa sababu zimeanza kuonekana kwa saluni hapa Kondele na kule Milimani, na wengine wenu mmeagiza onlaini mnatumia nyumbani mkiangalia habari ya saa moja. Mimi ni mtu wa macho. Mambo ya kama zinaotesha kweli nitagusia kidogo tu maana najua hamtaniachilia.

Kwanza watu wanachanganya leza mbili. Iko ya kutoa nywele na iko ya kuotesha. Ile ya kutoa inachoma shina la nywele, za kliniki zinatumia nanomita 755, 810 ama 1064, nanomita ni kile kipimo cha wimbi la mwanga kinachoonyesha ni rangi gani, nguvu yake ni ya juu na mteja lazima afunikwe macho kabisa kabisa. Hii ya kuotesha ni taa nyekundu ya nanomita kama 650 hivi, kila kitaa kimoja kawaida hakipiti miliwati 5, miliwati ni kipimo cha nguvu ya taa, haichomi, ata joto karibu huskii. Ilianzia Budapest 1967, daktari anaitwa Endre Mester alinyoa panya mgongoni akawamulika na leza ya rubi akitaka kuona kama italeta kansa, kansa haikutokea lakini wale waliomulikwa nywele zikarudi haraka kuliko wenzao. Basi ikachukua karibu miaka 40 mpaka FDA, wale wa Marekani wanaokagua dawa na vifaa vya matibabu, ikaruhusu chanuo ya HairMax iuzwe, 2007 kwa wanaume na 2011 kwa wanawake.

Na hapo kwa ruhusa kuna kitu wauzaji hawawaambii. Ruhusa hio imeandikwa ni ya upara wa kurithi, na ni ya ngozi aina ya kwanza mpaka ya nne, kwa ile skeli ya Fitzpatrick inayopanga ngozi aina sita, kutoka nyeupe kabisa mpaka nyeusi kabisa. Sasa angalia mkono wako. Wengi wetu hapa ni ya tano na ya sita. Sisemi haifanyi kazi kwetu, nasema hio karatasi wanakuonyesha haikuongea juu yako. Na kama line ya mbele imerudi nyuma kwa kuvutwa na braidi miaka na miaka mpaka pakawa laini pakang'aa, hapo shina limeshakufa, hakuna taa itafufua.

Haya, macho. Jicho liko na konea, kile kioo chake cha mbele, na lenzi ndani, kazi yao ni kukusanya mwanga uanguke kwa pointi moja ndogo nyuma kwa retina, ule utando unaopokea picha. Mnakumbuka vile tulikuwa tunachoma karatasi na kipande cha lenzi kwa jua tukiwa shule? Ndio hio. Mwanga wa leza ukiingia kwa mboni unakusanywa mpaka ukifika retina ukali wake umezidi kama mara 100,000. Kwa hivyo miliwati 5, ambayo kwa ngozi ya kichwa ni kitu bure, kwa retina si bure. Na retina haina maumivu, ikiungua haikuambii chochote, utakuja kujua kesho ukisoma meseji unaona herufi za katikati hazipo.

Leza ziko na klasi, yaani zimepangwa kwa hatari yake. Klasi 2 haipiti miliwati 1, na hio jicho linajilinda lenyewe kwa kupepesa, robo ya sekunde tu ushafunga. Klasi 3R inaenda mpaka miliwati 5, na hapo ndio kofia nyingi na chanuo ziko. Klasi 3B inatoka hapo mpaka miliwati 500 na hio haifai kuwa nyumbani kwa mtu. Sitaki kuwatisha bure, 3R ikikupiga kwa jicho kwa bahati mbaya ukageuka haraka, mara nyingi utaona doa la rangi dakika chache kisha linapotea. Shida ni kukazia macho, na nyekundu hii iko na ujanja wake, jicho la binadamu halioni nyekundu ya 650 vizuri kama kijani, kwa hivyo inakaa imefifia wakati nguvu ni ile ile. Mtu anaiangalia anasema ah, si kali. Anaendelea kuangalia.

Kofia ikiwa kichwani imetulia, taa zinaangalia ngozi, jicho haliko njiani, hapo mimi sina neno. Hatari inakuja kwa zile sekunde kofia haiko kichwani. Mtu anaiwasha, anaigeuza juu chini, anachungulia ndani ahesabu taa kama zote zinawaka. Kila mtu anafanya hivyo, nawaona mnacheka. Zingine ziko na sensa zinajizima ukiivua, zingine hazina, na ya bei ya chini mara nyingi ndio haina. Ukitaka kuona kama inawaka iweke juu ya taulo nyeupe uangalie wekundu kwa taulo, ama uwashe ikiwa tayari imekaa kichwani.

Chanuo ni mbaya zaidi ya kofia kwa sababu inatembea, mkono unaipitisha karibu na uso kila mara. Na saluni zenu ziko na vioo ukuta mzima! Leza ikigonga kioo inarudi karibu na nguvu ile ile iliyoenda nayo, kwa hivyo wewe unachana mteja, mteja mwingine kwa kiti cha tatu ndio inampata. Mgeuze mteja aangalie ukuta usio na kioo, ni kitu ya kusogeza kiti tu. Halafu mtoto. Mama amekuja na mtoto wa miaka mitatu amekaa mapajani, macho ya mtoto yako chini yanaangalia juu, na mtoto akiona kitu nyekundu inang'aa atakodoa mpaka uichukue. Mtoto atoke hapo kwanza, ndio uwashe.

Mtu ataniuliza, kwani nyekundu dhaifu namna hii inaweza kuumiza mtu kweli? China walikuwa na mashine za kumulika watoto wenye macho ya kutoona mbali, taa nyekundu ya karibu nanomita 650, nguvu ya chini, inaingia jicho moja kwa moja dakika tatu mara mbili kwa siku. 2023 ikaandikwa ripoti ya msichana wa miaka 12 aliyetumia miezi tano retina zote mbili zikaharibika, alipoacha ikarudi kiasi lakini sio yote. Kuanzia Julai 2024 serikali yao ikaweka hizo mashine kwa kundi lenye masharti makali zaidi. Hio ni taa iliyoelekezwa jichoni kwa makusudi, tofauti na kofia, ndio, lakini sasa mnajua kwa nini nakataza kuchungulia.

Ile inanikosesha usingizi sana ni ya infraredi, nanomita 800 na kitu. Huioni. Jicho halipepesi kwa kitu haliioni, mboni inabaki wazi, na sehemu kubwa inafika retina. Kuna kofia zinachanganya nyekundu na infraredi, soma boksi. Na lebo isikudanganye sana, 2013 NIST, maabara ya serikali ya Marekani ya mambo ya vipimo, ilipima leza 122 za mkononi, zile za kuonyeshea ubaoni, na nyekundu asilimia 44 hazikuwa zimefuata sheria, za kijani asilimia 90. Hizo ni zenye lebo. Sasa ile isiyo na lebo kabisa, haisemi nanomita wala miliwati wala klasi, si mimi wa kukuambia uiweke juu ya mteja wa watu.

Ndio, mama wa kitenge? Miwani ya jua? Hapana, hio haisaidii, miwani ya leza inatengenezwa kwa nanomita fulani na imeandikwa hizo namba kwa lenzi, ile nyeusi ya barabarani inafanya tu mboni ifunguke zaidi. Kufunga macho kunasaidia lakini nyekundu kidogo inapita kwa kope, jaribu tochi ya simu kwa kidole uone vile inang'aa upande wa pili.

Kama imeshakupata, funika jicho moja uangalie mistari ya tiles ama ya fremu ya mlango, halafu funika lingine. Mstari ukipinda, ama kukiwa na doa katikati ambalo haliondoki, usiende kununua matone kwa kemisti, matone hayafiki retina. Enda hospitali ya Russia hapa, ile ya Jaramogi, ama hospitali ya macho ya Sabatia kule Vihiga, waambie ni leza, na ubebe hio kofia waone lebo. Mwenye sukari ama mwenye ugonjwa wa retina apimwe macho kabla ya kuanza.

Swali la mwisho, kijana wa kinyozi. Nyusi? Kupitisha chanuo kwa nyusi ziote? Nyusi iko sentimita moja juu ya jicho bwana, hio hapana, ata akifunga macho, ata akikulipa mara mbili. Mchoree na penseli.