Kovu la Zamani Tumboni

Shikamooni wakubwa zangu. Wauguzi na matabibu wenzangu, habari za asubuhi.

Nataka tumzungumzie mzee mwenye kovu refu katikati ya tumbo. Ukimuuliza atakwambia, "Nilipasuliwa vidonda vya tumbo, zamani sana." Tunaandika "aliwahi kupasuliwa", tunageuza ukurasa. Hapo tunakosea sana, maana nyuma ya kovu hilo saratani ya tumbo inaweza kujificha.

Kabla ya dawa za kupunguza asidi tumboni, simetidini iliyoingia miaka ya 1970 na omeprazoli mwaka 1988, vidonda sugu vilitibiwa kwa kisu. Sehemu ya chini ya tumbo lenyewe, yaani mfuko wa chakula, ilikatwa, iliyobaki ikaungwa na utumbo mwembamba, kama daktari mpasuaji Billroth alivyofanya Vienna mwaka 1885. Upasuaji huo uliokoa watu wengi. Lakini ule mlango unaoizuia nyongo isipande ulikwenda na kipande kilichokatwa. Nyongo ikawa inarudi mwaka baada ya mwaka, ikichubua ukuta wa tumbo pale penye mshono. Asidi ikapungua, bakteria wakapata makazi. Saratani huja kujitokeza kwenye tumbo lililobaki baada ya miaka 20 au 30, aliyempasua mgonjwa keshastaafu.

Wengi tulifundishwa kwamba saratani hii ni kali kuliko nyingine. Mimi siamini hivyo tena. Mlinganishe mgonjwa huyu na mwenye saratani ya sehemu ya juu ya tumbo ambaye hajawahi kupasuliwa, wote wakiwa hatua moja: baada ya upasuaji, uhai wao haupishani sana. Kinachowaua hawa ni kuchelewa. Anashiba upesi, anakonda, damu inapungua, naye anasema ni lile tumbo lake la zamani. Na sisi tunamkubalia! Muulizeni alipasuliwa mwaka gani na kilikatwa nini, kisha mpelekeni endoskopi, kipimo cha kamera inayopitishwa mdomoni hadi tumboni.

Akichelewa, kazi ni ngumu kwelikweli. Ini, kongosho na utumbo mpana vimegandana kwa makovu. Saa nzima inaweza kuisha unabandua tu. Unaondoa tumbo lote lililobaki, pengine pamoja na wengu. Limfu, maji ya mwilini yanayoweza kubeba saratani, nayo ilishabadili njia, hivyo tezi zake zilizo kando ya ule utumbo ulioungwa lazima zitoke. Akipona, atachomwa sindano za vitamini B12 maisha yake yote.

Ila saratani ikikutwa ingali kwenye utando wa ndani tu, wapo wanaobanduliwa saratani hiyo kwa endoskopi hiyohiyo, bila kuongezewa kovu la pili.