Kushusha rimu kutoka 18 hadi 16: pima kabla hujalipa

Karibuni tena wadau. Gari mnaloliona nyuma yangu ni Subaru Forester SH, lile umbo la 2008 hadi 2012, na hili lina turbo. Mwenyewe kalinunua likiwa limeshavalishwa rimu za inchi 18 na tairi 225/45. Linapendeza, sikatai. Ila kila akipita kwenye rasta mgongo unamwambia, na rimu mbili zimeshapinda kwa mashimo. Leo tunazishusha hadi 16.

Kabla hatujagusa spana, fungua mlango wa dereva uangalie kwenye nguzo. Kuna kibandiko. Maandishi ni ya Kijapani lakini namba ni zile zile za kwetu. Hapa pameandikwa 225/55R17, ndicho kipimo ambacho hili la turbo lilitoka nacho. Ndugu yake asiye na turbo alitoka na 215/65R16. Kwa hiyo kiwanda kimeshatufanyia hesabu, lakini tuirudie pamoja, maana gari lako wewe huenda si Forester.

Chukua kikokotoo cha simu. 215 ni upana wa tairi kwa milimita. 65 ni urefu wa ukuta wa tairi, kwa asilimia ya huo upana. 16 ni rimu kwa inchi. Basi 215 mara 0.65 unapata karibu milimita 140. Ukuta uko juu na chini, kwa hiyo mara mbili: 279.5. Rimu ni 16 mara 25.4, sawa na 406.4. Jumlisha: tairi zima lina kimo cha milimita 686. Fanya hivyo hivyo kwa 225/55R17 utapata 679. Tofauti ni asilimia 1 tu. Mimi nikiona imezidi 3 naacha.

Sasa pigia hesabu hizi 18 alizonazo, 225/45. Zinatoka 660! Rimu kubwa, gari chini. Tukiweka 16 zetu, gari linanyanyuka milimita 13 kutoka ardhini, na ukuta wa tairi unatoka milimita 101 hadi 140. Hiyo karibu sentimita 4 ya mpira na upepo ndiyo itakayopokea shimo badala ya rimu.

Kuna jamaa atakuja kukwambia, "Si uweke 15 tu, bei rahisi!" Anakuuzia 195/65R15. Ukipiga hesabu unapata 634, pungufu ya asilimia 6 na ushee kwenye kipimo cha kiwanda. Gari litashuka, na spidi mita itakudanganya: itasoma 100 wakati unatembea kama 93. Unaposhusha rimu, ukuta lazima upande. Asiyekutajia ukuta hajakusaidia.

Haya, tuje kwenye kinachoamua unaweza kushuka mpaka wapi, nacho ni breki. Weka gari pa tambarare, vuta breki ya mkono, zuia magurudumu ya nyuma kwa mawe, legeza nati kabla ya kupiga jeki, halafu weka stendi. Usiingize mkono chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Toa gurudumu la mbele. Hili dude linalobana diski ndilo litakalogombana na rimu ndogo. Kama Subaru yako imefungwa breki za Brembo, zile kubwa za magari ya kukimbiza, zima video, 16 haiingii. Baki na 17.

Ujanja wangu ni huu: donge la unga wa chapati. Kweli kabisa. Nalibandika sehemu iliyotokeza zaidi kwenye breki, naingiza rimu tupu isiyo na tairi, nakaza nati kidogo, nazungusha kwa mkono taratibu. Natoa, naangalia unga umebaki na unene gani. Hapa naona kama milimita 5, safi. Ikiwa chini ya 3 siweki. Na kumbuka vile vipande vya risasi vya kubandika wakati wa kubalansi: vikikaa ndani mkabala na breki, vitakwanguliwa. Mwambie fundi avisogeze.

Sasa matundu, na hapa niliwahi kupoteza hela. Forester hii ina nati 5 kwenye duara la milimita 100. Toyota Wish na Caldina nazo ni 5 kwa 100. Nikaona rimu za Wish, nzuri, bei ya kuchekesha, nikabeba. Nyumbani haziingii! Tundu la katikati la rimu za Toyota hizo ni milimita 54.1, na kitovu cha Subaru kinachoingia humo ni 56.1. Milimita 2 tu zikanirudisha dukani, na muuzaji hakumbuki tena sura yangu. Hata nati zake ni mbali: Subaru ni 12 kwa 1.25, Toyota ni 12 kwa 1.5, yaani unene wa bolti ni milimita 12 ila nafasi kati ya meno haifanani. Ukilazimisha unakula meno ya bolti.

Geuza rimu uangalie nyuma. Tafuta 16x6.5J, yaani kimo cha inchi 16 na upana wa inchi 6.5, na herufi ET au namba kama 48. Hiyo 48 inaonyesha rimu inakaa ndani kiasi gani. Ukichukua ya 35, gurudumu linatokeza nje milimita 13 zaidi, na siku umepakia watu watano utasikia tairi likisugua bodi.

Kwenye tairi, soma baada ya kipimo: 98H. 98 maana yake kila tairi linabeba kilo 750, H ni mwendo hadi kilomita 210 kwa saa. Usishuke chini ya ilivyoandikiwa gari lako. Tarehe ni tarakimu nne za mwisho baada ya DOT: 2324 ni wiki ya 23, mwaka 2024. Wa mtumba mnanielewa. Na kwa sababu Subaru hii inavuta magurudumu yote, nunua manne yanayofanana. Mawili mapya na mawili yaliyolika ni kuisumbua difu ya katikati, ile inayogawa nguvu mbele na nyuma.

Kufunga ni haraka: safisha kutu kwenye kitovu, anza nati zote kwa vidole, kaza kwa mtindo wa nyota, shusha gari, malizia na spana ya kipimo kwa namba iliyo kwenye kitabu cha gari. Kibandiko kikikuonyesha upepo kwa kPa, gawanya kwa 6.9 upate PSI; 230 ni kama 33.

Nimelizungusha mtaani. Rasta hazisikiki kama mwanzo. Kwenye kona linalala kidogo na usukani umekuwa mzito wa kujibu; anayependa kukimbiza hatafurahi. Mwenye gari anacheka tu. Kesho anakwenda Morogoro, nimemwambia asimame Mlandizi akaze nati tena, moja baada ya nyingine, na spana yake nimeshaitupia kwenye buti.