Pikapu ya Salveji: Ununue au Uiache?

Shikamooni wazee wangu, na habari za mchana ndugu zangu wote. Asanteni kwa kunikaribisha. Kazi yangu ni kunyoosha bodi za magari hapa Columbus, Ohio, na watu wetu, awe wa Bukavu, wa Kigoma au wa Mombasa, wananiuliza swali moja kuliko yote: nimeona pikapu inauzwa, bei yake iko chini sana, hati yake ni ya salveji, je, ninunue? Wengi wanaouliza wanataka kuanza kazi ya kuhamisha mizigo, kukata nyasi au kusafisha majengo. Fedha walizonazo ni jasho la miaka. Ndiyo maana nimekuja na majibu ya kina.

Tuanze na hati. Gari linapata hati ya salveji pale kampuni ya bima inapoona kulitengeneza hakulipi. Inamlipa mwenye gari, inalichukua, kisha inalipeleka mnadani, mara nyingi kwa kampuni za mnada za Copart au IAA. Huo ni uamuzi wa hesabu. Pikapu ya dola 6,000 inaweza kuandikwa salveji kwa mlango na bampa tu, kwa jinsi vipuri na ufundi vilivyo ghali nchi hii. Ya dola 50,000 inaweza kugongwa vibaya na isiandikwe. Tena kila jimbo lina kipimo chake. Jirani zetu wa Kentucky wanatumia asilimia 75 ya thamani ya gari, Texas asilimia 100, na Ohio haina asilimia yoyote: sheria inaiachia bima iamue kama matengenezo yana faida au hayana.

Kwa hiyo mimi simkatazi mtu kwa sababu ya hati peke yake. Namwuliza mambo mawili. Liliharibiwa na nini? Na ushahidi wa matengenezo uko wapi? Muuzaji akikosa majibu, namwambia ndugu yangu aondoke, hata bei ikiwa nusu.

Gari lenye hati ya salveji haliruhusiwi kutumika barabarani. Ni lazima litengenezwe, likaguliwe, ndipo lipewe hati mpya inayosema limejengwa upya. Hapa Ohio wakaguzi ni polisi wa barabara kuu wa jimbo. Nisikilizeni vizuri hapa, maana wengi wanadanganyika. Ukaguzi ule ni wa kutafuta wizi. Wanataka risiti za vipuri, wanalinganisha namba, wanahakikisha mlango au injini haikung'olewa kwenye gari la mtu. Hawakuambii kama breki zinashika au chesisi imenyooka. Muuzaji akikwambia "limepita kwa polisi", amekwambia kwamba vipuri havikuibwa. Basi.

Lakini zile risiti ni hazina. Aliyetengeneza gari kihalali alilazimika kuwa nazo, kwa hiyo mwombe uzione. Ukiona risiti ya bampa, taa na rejeta, na hakuna ya eabegi, ule mfuko wa hewa unaomkinga mtu ajalini, ilhali picha za mnada zinaonyesha eabegi zimelipuka, umeshapata jibu lako.

Na picha zipo. Gari likipita mnadani hupigwa picha pande zote kabla ya kuguswa. Chukua namba ya chesisi, ile yenye herufi na tarakimu 17 ambayo hapa wanaiita VIN, iandike kwenye kisanduku cha kutafutia cha intaneti, na mara nyingi picha zile zitatokea. Halafu nunua ripoti ya NMVTIS, mfumo wa taifa wa kumbukumbu za hati za magari. Bei yake ni dola chache. Mifumo hii inasaidia kumkamata anayehamisha gari jimbo hadi jimbo ili alama ya salveji ifutike. Ila hata hati safi haithibitishi chochote kama mwenye gari alikuwa na bima ya kulipa wengine tu. Aligonga nguzo, hakuna bima iliyomlipa, hakuna aliyeandika popote.

Sasa chanzo cha uharibifu. Mvua ya mawe ikipiga Texas au Colorado, magari mengi hubonyea mabati na kubaki mazima ndani. Lililoibwa likapatikana bila magurudumu baada ya bima kulipa nalo linaweza kuwa zuri. Magari ya aina hizo mbili nayaangalia kwa moyo mweupe.

La mafuriko, nawaomba, achaneni nalo. Baada ya kimbunga Harvey mwaka 2017, Houston na vitongoji vyake vilijaa magari yaliyozama, na magari ya namna hiyo husambaa nchi nzima, yakaoshwa na kupigwa manukato. Pikapu ya siku hizi ina kompyuta ndogo ndogo na plagi za waya chini ya kapeti na chini ya viti. Maji yakiingia mle, kutu ya kijani inakula shaba polepole. Utaendesha miezi mitatu bila tatizo, kisha dirisha litakataa, kisha gia, kisha gari litazimika kwenye barabara kuu ukiwa na mzigo wa mteja. Hakuna fundi atakayekwambia ameimaliza kazi hiyo. Mkishuku, vuteni mkanda wa kiti mpaka mwisho wake, ile sehemu ambayo kwa kawaida hubaki imeviringika ndani. Maji huacha mstari wa tope pale, na wauzaji wengi hawakumbuki kupasafisha. Kisha mulikeni tochi kwenye boliti zinazoshika viti. Boliti ya ndani ya gari haina sababu ya kuwa na kutu.

Kwa gari lililogongwa, lala chini. Pikapu nyingi hapa bado zimejengwa juu ya chesisi ya chuma, miimo miwili mirefu kutoka bampa hadi bampa, na hapo ndipo uhai wa gari ulipo. Fuata mwimo mmoja kwa tochi kuanzia mbele, kisha ule mwingine, ukilinganisha. Unatafuta mikunjo, hasa karibu na mahali mkono wa gurudumu la mbele unapofungwa. Unatafuta rangi nyeusi mpya iliyopakwa upande mmoja tu. Unatafuta mshono wa kuchomelea usiofanana na mwenzake. Chesisi iliyopinda inaweza kurudishwa kwenye mashine ya kuvutia, lakini fundi aliyeifanya kazi hiyo ana karatasi ya vipimo vya kabla na baada. Iombe. Bila hiyo, utanunua tairi kila msimu, na siku ya kuvuta tela utaona gari linakwenda upande.

Kuna mbinu tuliyokuja nayo kutoka nyumbani, ya kupitisha sumaku kwenye bodi ili kugundua plasta iliyojazwa chini ya rangi. Kwa Ford F-150 kuanzia modeli ya 2015 haisaidii kitu. Bodi yake ni ya alumini, sumaku haishiki popote. Na alumini inataka zana zake na fundi aliyefundishwa. Akiifanya yeyote tu, rangi itaanza kufura.

Eabegi sizifanyii mzaha. Mwaka 2024 shirika la usalama barabarani la serikali, NHTSA, lilitoa onyo baada ya watu kuuawa na vipuri vya eabegi vya bei rahisi vilivyofungwa kwenye magari yaliyotengenezwa baada ya ajali. Badala ya kujaza mfuko, vilipasuka na kurusha vipande vya chuma usoni mwa dereva. Ukifungua switchi, taa ya eabegi lazima iwake sekunde chache kisha izime. Isipowaka kabisa, huenda kuna mtu ameitoa balbu au amedanganya kompyuta. Usimpandishe mtoto wako humo.

Tuje kwenye fedha. Gari lililojengwa upya huuzwa kwa asilimia 20 hadi 40 chini ya lenye hati safi. Punguzo hilo hilo nawe utampa mnunuzi siku ukiliuza, kwa hiyo gari hilo linamfaa mwenye nia ya kulitumia mpaka lichakae. Benki nyingi hazikopeshi kwa gari hilo. Kampuni nyingi za bima zitakubali kukukatia ya kulipa wengine, lakini baadhi zitakataa ya kulipa gari lako. Ipigie bima simu na namba ya chesisi mkononi kabla hujatoa hata dola moja. Na ukinunua kwenye yadi, karatasi ya dirishani ikisema linauzwa kama lilivyo, ujue ukitoka getini matengenezo yote ni yako. Nenda na mtu anayesoma Kiingereza vizuri, asome kila mstari.

Wapo wanaotaka kulitumia hapa kisha walipeleke nyumbani. Usukani wa kushoto unaingia Burundi, Rwanda na Kongo, kwa kuwa kule wanaendesha kulia. Kenya, Uganda na Tanzania wanaendesha kushoto, kwa hiyo usukani huo hauwafai. Forodha ya Marekani inataka hati na gari saa 72 kabla ya kusafirishwa, na hati inayosema gari ni la kuvunjwa tu inaweza kukukwamisha bandarini. Ulizia kabla ya kununua.

Nimemaliza upande wangu, karibuni kwa maswali. Yule kijana aliyenionyesha simu pale mlangoni, mwenye ile F-150, aje tuanze naye, maana picha zake zote ni za juu na nataka kuona za chini kabla hajatuma hiyo amana.