Njia ya Maji: Kulitunza Gari la Paa la Kukunja Mwaka Mzima Dar es Salaam

Mabibi na mabwana, ndugu zangu wapenda magari, nawashukuru kwa kunialika. Nimeombwa nizungumze juu ya kulitunza gari la spoti lenye paa la kukunja kwa mwaka mzima, na kabla sijaingia katika mada naomba nieleze kwa nini maneno hayo mawili ya mwisho yana maana tofauti hapa kwetu. Katika nchi za baridi, mwenye gari la namna hii hulisafisha, hulifunika na kuliweka bandani baridi inapoanza, naye hulitoa tena theluji inapokwisha kuyeyuka na mvua inapokwisha kuisomba chumvi iliyomwagwa barabarani. Sisi hatuna theluji, wala hakuna anayemwaga chumvi kwenye Barabara ya Bagamoyo. Kwa hiyo wengi wetu huamua kwamba gari letu halina msimu wa hatari. Mimi pia niliamua hivyo, na uamuzi huo ulinigharimu kizingiti kizima cha bati chini ya mlango wa kushoto.

Gari langu ni Mazda ya watu wawili, ile iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza katika maonyesho ya magari ya Chicago mwezi Februari 1989, ambayo Wajapani waliiuza kwao kwa jina la Eunos Roadster na nchi nyingine zikaifahamu kwa jina la MX-5. Masika moja niliona kapeti ya nyuma ya siti imelowa, na baada ya siku chache gari likaanza kunuka ukungu. Gereji niliyokwenda ikaniuzia raba mpya za paa na za milango, nikalipa, na mvua iliyofuata kapeti ikalowa vilevile. Nikampelekea mzee mmoja fundi wa bodi, nikamuuliza maji yanaingilia wapi. Hakunijibu. Aliniuliza yeye: maji haya yanatokea wapi?

Swali hilo ndilo mhadhara wangu wote. Tunalidhani paa la turubai kuwa ni mwavuli unaoyazuia maji, kumbe kazi yake kubwa ni kuyaongoza. Maji yanayoteremka nyuma ya paa hupokelewa na mfereji wa plastiki uliofichwa nyuma ya siti, mfereji huo huyagawa pande mbili, na kila upande una tundu lenye mpira unaoshuka karibu na nguzo ya mkanda wa usalama hadi chini ya gari, mbele kidogo ya tairi la nyuma. Njia hiyo ikiwa wazi, mvua ya masika inaweza kunyesha usiku kucha na ndani mkakaa pakavu. Ikizibwa na majani na vumbi, maji hujaa mfereji, hufurika ndani, na yale yasiyofika kwenye kapeti huingia katika kizingiti cha chini ya mlango, mahali ambapo hamna jua wala upepo. Bati huliwa kutoka ndani kuja nje, na siku unapoona rangi imevimba kama lengelenge, ujue kwamba kilichobaki ni rangi peke yake.

Tuna miti mingi Masaki na Oysterbay, na kila mtu hutafuta kivuli cha kuegesha. Mwarobaini una vijani vidogo vyembamba ambavyo hupenya palipo na upenyo mdogo kuliko kidole. Mkungu una majani makubwa, hayo mtu huyaona na kuyaondoa, hayana madhara makubwa. Ukikosa kivuli kingine isipokuwa cha mwarobaini, basi kila mwezi, na kila wiki wakati wa mvua, mimina kikombe cha maji taratibu katika kila tundu, kisha uchungulie chini ya gari kama yanatoka kwa kasi ileile uliyoyamiminia. Yakichelewa, pitisha uzi mnene wa plastiki, ule wa mashine ya kukatia nyasi, kwa upole. Usitumie waya mkali, kwa maana utatoboa mpira. Wala usimruhusu kijana wa gereji apulize kwa kompresa, kwa sababu presha inaweza kuung'oa mpira mahali pake, na hapo maji yote yatamwagika moja kwa moja ndani ya bodi, nawe utaamini umetengeneza.

Sasa nije kwenye jua, ambalo kwa maoni yangu hatulipi uzito unaostahili. Mji wetu uko karibu nyuzi 7 kusini ya ikweta, na kwa sababu hiyo jua la adhuhuri hupita utosini mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na kabla kidogo ya katikati ya Oktoba. Tazameni kalenda: mara ya kwanza ni kabla ya masika, mara ya pili ni wakati vuli inapobisha hodi. Maana yake ni kwamba raba na kitambaa cha paa hukaushwa na kukazwa kwa ukali wa juu kabisa, kisha mara moja hutakiwa kukabili mvua. Ndiyo maana mimi hufanya kazi ya paa mwezi Februari na mwezi Septemba, kabla jua halijafika huko, wala singoji wingu la kwanza.

Kazi yenyewe si ngumu. Paa la vinaili husuguliwa kwa brashi laini na sabuni isiyo kali, husuuzwa, hukaushwa, kisha hupakwa dawa ya kulikinga na miale ya jua. Paa la kitambaa husafishwa hivyo hivyo, ila dawa yake ni ile ya kuzuia maji, na ni lazima kitambaa kiwe kimekauka kabisa kabla ya kupuliziwa. Raba zipakwe grisi ya silikoni. Mafuta ya petroli, dizeli na mafuta ya taa huzivimbisha na kuzilegeza, na ninalisema hili kwa sababu nimewahi kukuta kijana akiling'arisha gari langu kwa kitambaa kilichochovywa katika dizeli, naye akiwa na nia njema kabisa. Sabuni ya unga ya kufulia nguo, ambayo ndiyo hupendwa na waosha magari wetu, huondoa dawa yote uliyopaka. Mashine ya presha isielekezwe kwenye mishono.

Dirisha la nyuma la magari ya MX-5 ya kizazi cha kwanza ni la plastiki. Lifungue kwa zipu na kulilaza kabla ya kukunja paa, ulitandikie taulo, na usilisugue likiwa kavu, kwa kuwa vumbi letu lina mchanga. Kizazi cha pili, kilichoanza kuuzwa mwaka 1998, kina kioo, na wenye hayo wanaweza kusinzia kwa dakika hii moja. Kuhusu kukunja paa lililolowa, nawasihi msifanye hivyo hata mara moja, kwa maana unyevu ukifungiwa kwenye mikunjo, ukungu huota kwa siku mbili tu.

Chumvi tunayo, ila haimwagwi barabarani, inaletwa na upepo. Anayeishi karibu na Coco Beach au Kigamboni, au anayepita kila siku juu ya bahari kwa Daraja la Tanzanite, hubeba chumvi nyumbani kila jioni. Chumvi ya kawaida hunyonya unyevu wa hewa na kuyeyuka yenyewe unyevu unapofika takriban asilimia 75, na usiku wa Dar es Salaam hupita kiwango hicho mara nyingi, hivyo gari lililoegeshwa pakavu linaweza kukesha limelowa maji ya chumvi. Ulisuuze chini kwa maji baridi ya bomba kila wiki. Maji ya visima vyetu vingi yana chumvi, na kuyatumia ni kurudisha ulichokuwa unaondoa. Usiyatie katika rejeta pia. Kinyesi cha kunguru, ambao mji huu haujui la kuwafanya, kiondolewe siku ileile kwa kitambaa kilicholoweshwa vizuri. Na kama unalifunika gari, tumia kitambaa kinachopumua. Turubai la plastiki huzuia mvua na hufungia joto na unyevu ndani, ambao ni ubaya uleule tuliokwisha kuuona.

Injini nitaipitia kwa haraka, kwa sababu haina tofauti na ya gari lolote. Mafuta ya breki hunyonya maji, yabadilishwe kila miaka 2. Umri wa tairi husomwa katika tarakimu 4 za mwisho za namba ya DOT iliyochapwa ubavuni mwake, 2319 ikiwa na maana ya wiki ya 23 ya mwaka 2019. Betri iliyojaa huonyesha volti 12.6 gari likiwa limetulia. Liendeshe kila wiki, angalau nusu saa, oili ipate moto wa kukausha unyevu. Ila bonde la Jangwani likijaa maji, geuza: gari hili liko chini mno, na maji yakivutwa ndani ya silinda hayabanwi kama hewa, yakapinda fito za pistoni kabla hujazima injini.

Yote haya yatawaelea mkiyaona. Gari langu liko nje, chini ya mwarobaini, kwa makusudi, na sijalisafisha kwa wiki 3. Nimekuja na kikombe na chupa ya maji. Tutoke wote tukaangalie kama yatatoka.