Inameni Muangalie Chini ya Kiungo

Ndugu zangu, kila nikimaliza kuzungumza juu ya msapota, yaani mti wa sapota, tunda ambalo wengine huliita chiku, mkono wa kwanza unaonyooshwa huuliza mbolea. Leo nawawahi: mbolea baadaye. Kwanza inama, uangalie shina.

Mche wa kubebesha ni miti miwili. Chini kuna shina mama lenye mizizi, na juu kuna kikonyo kilichokatwa kwenye mti ambao matunda yake yanajulikana. Pale vilipokutana ndipo kwenye kiungo: utaona uvimbe, au shina limepinda kidogo. Ulicholipia ni kile kilicho juu yake. Chochote kinachochipua chini yake si sapota uliyoichagua, ni shina mama linajaribu kurudi kwenye maisha yake ya zamani.

Na linarudi kwa kasi! Msapota hukua polepole mno, kwa hiyo mwenye nyumba akiona chipukizi nene, kijani, limepanda haraka, anafurahi. Analimwagilia, hata analipiga picha. Kumbe chipukizi liko karibu na mizizi, linakunywa kwanza, na kikonyo kinanyauka taratibu mpaka kinakauka. Baada ya miaka mtu ananijia na mti mkubwa wenye afya tele, analalamika kauziwa mche feki. Hakuuziwa mche feki, bwana! Mche wake aliuua mwenyewe, kwa upendo.

Utatambuaje? India hubebesha sana sapota juu ya ndugu yake anayeitwa khirni. Jani la khirni ni dogo, na ncha yake ina pengo dogo kama limemegwa. La sapota limechongoka. Ila shina mama likiwa ni sapota ya mbegu, majani yanafanana na hayatakusaidia kitu. Basi usitazame jani, fuata chipukizi mpaka lilikoanzia. Likianzia chini ya kiungo, ling'oe kwa vidole lingali laini. Ukisubiri likomae ulikate kwa kisu, vijicho vinabaki na yatachipua matatu.

Najua yupo anayesema moyoni, "Si nipande mbegu tu, niepuke usumbufu?" Panda. Mbegu haiahidi tunda kama la mama yake, na utangoja miaka 5 hadi 8, pengine zaidi. Wa kubebesha huanza kuzaa kati ya mwaka wa 2 na wa 4. Kama una subira hiyo, sina ugomvi na wewe.

Kosa la pili ni dada wa la kwanza: kufukia kiungo. Mtu anachimba shimo refu, anazamisha mche, anarundika matandazo hadi shingoni. Kikonyo kikifukiwa kinaweza kuoza, na machipukizi yatajificha usiyaone. Kiungo kikae juu ya udongo, matandazo yasiguse shina. Na ule utepe wa plastiki uliofungwa kwenye kiungo, mche ukishashika, uondoe! Shina linanenepa, utepe haunenepi.

Naona naoneshwa saa. Haya, haraka: jua la kutosha, udongo usiotuamisha maji. Mche mchanga umwagilie. Ukishakomaa unavumilia ukame. Kwenye pipa unaweza pia, mradi lina matundu chini. Aina nyingine huzaa vizuri zaidi zikiwa na jirani wa aina tofauti, kwa hiyo uliza kabla hujanunua.

Mbolea? Samadi iliyooza, kidogo kidogo, mbali na shina. Mmeridhika?

La mwisho: sapota haiivi vizuri mdomoni mwa mwenye haraka. Kwaruza ganda kwa ukucha. Ukikuta kijani na utomvu mweupe, liache mtini. Ukikuta rangi ya manjano au kahawia, lichume, liweke ndani siku kadhaa hadi lilainike. Na utoe mbegu kabla ya kumpa mtoto, maana ina ndoano inayoweza kumkwama kooni. Maswali sasa, ila la mbolea nimeshalijibu.