Kumbe kinachouma ni taya

Shikamooni wakubwa zangu, wadogo mambo vipi. Mimi sio daktari, mi ni mgonjwa tu niliyetolewa uvimbe kichwani, yale ya kitaalamu muwaulize wenyewe wamekaa pale mbele.

Wangu ulikuwa meninjioma, unaota kwenye utando unaofunika ubongo, mara nyingi sio kansa ila ukikua unabana. Ulikaa kushoto, juu ya sikio. Nikiamka asubuhi kichwa kinagonga, natapika, zahanati ya mtaani wananipa dawa ya malaria, mama mkwe anasema jini hilo, mpaka nilipoanguka kifafa kwenye daladala ya Mbagala ndo nikapelekwa kupigwa picha za kichwa, CT scan kisha MRI, nikaishia MOI, ile taasisi ya mifupa na ubongo pale Muhimbili. Halafu kuna abiria alitaka kuniingizia kijiko mdomoni, jamani msifanye hivyo, mtu mlazeni ubavu tu.

Ya thieta sina la kusimulia, ukishapigwa nusu kaputi unashtukia mtu anakuuliza jina lako nani, hapa wapi, finya mkono wangu. ICU, chumba cha mahututi, usiku kucha maswali yaleyale na tochi ya macho, nikamfokea nesi, sista si nimeshakwambia! Akacheka, eti ukianza kugomba ndo tunafurahi.

Sasa watu wananiuliza ubongo ukikatwa unaumaje. Ubongo wenyewe hausikii maumivu, kinachouma ni ngozi, ule utando, na msuli. Mimi iliyonitesa ni taya. Kufika pale ilibidi wapasue msuli wa kutafunia, weka kidole hapo pembeni ya jicho karibu na sikio ufanye kama unatafuna, huo unaocheza, halafu mfupa wakautoa wakaurudisha wakaubana kwa vibati vya titaniamu. Basi mdomo haufunguki, kidole kimoja tu ndo kinapita.

Na hapohapo niko kwenye deksa, deksamethasoni, dawa ya kupunguza ubongo kuvimba, inakufukuza usingizi na inaleta njaa we acha tu, saa nane za usiku niko macho nawaza chapati maharage na mdomo ndo huo! Dada yangu ananipa mtori kwa kijiko cha chai, nagombana naye anachelewa. Wageni wanaona mashavu yamejaa, wanasema shem umenawiri, kumbe deksa hiyo. Na usiiache ghafla hata ukiichukia, tezi za mwili zinakuwa zimelala, daktari ndo anaipunguza kidogokidogo, na sukari mpimwe.

Kwa hiyo wanaouguza, muulizeni daktari mapema atapitia wapi, akisema juu ya sikio tafuteni blenda. Mtu wa fizio, yule wa mazoezi ya viungo, alinifundisha kupanga vile vijiti vya daktari vya kukandamizia ulimi, unaviingiza katikati ya meno, ukizoea unaongeza kimoja, inauma mpaka machozi lakini mdomo unafunguka. Mishikaki sasa hivi nakula, muwa bado. Haya, mama wa pale nyuma, uliza.